Kilima cha Busi Kilichopakwa Kijani

Siku waliyoninyang'anya simu pale Busi nilikuwa nimevaa fulana ya kazini yenye picha ya jani mgongoni, na nadhani lile jani ndilo lililoniponza zaidi.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Nilikuwa, na bado niko, msimamizi wa usafiri katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya alizeti, Dodoma mjini. Kazi yangu ni kujua lori gani liko wapi, limebeba nini na kwa nini limechelewa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza habari za moshi. Lori likitoa moshi mweusi tulisema limechoka, likitoa mweupe tulisema linakula oili, basi. Kisha wanunuzi wetu wa ng'ambo wakatuma salamu kwamba sasa wanataka kujua mafuta yetu yamechafua hewa kiasi gani tangu shambani mpaka bandarini, na kwamba tusipopunguza, watanunua kwingine. Wakaja wageni na kompyuta zao, wakajifungia na meneja katika chumba cha mikutano, na walipoondoka tukawa kiwanda cha kijani. Ukutani pale uani kikabandikwa kibao: ZIMA INJINI UNAPOSUBIRI. Tukagawiwa fulana.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka sana. Nimekulia Buigiri, nyumba yetu ikitazama barabara kuu, na mama yangu alikuwa akianika majani ya mlenda kwenye ungo upande wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele yalikauka na masizi ya malori. Kwa hiyo meneja aliponiita na kuniambia, "Dada, huu mradi wa kupunguza moshi nakukabidhi wewe," niliupokea kwa moyo.

Mpango wenyewe ulikuwa na akili. Malori yetu yalikuwa yakizunguka vijiji vya Kondoa kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea: magunia machache hapa, machache kule, yanarudi mjini nusu tupu, kesho yanaondoka tena. Tungejenga ghala moja Busi. Wakulima wangeleta alizeti kwa mikokoteni ya ng'ombe na punda, na lori lingekwenda tu pale mzigo ukishajaa. Safari zingepungua, na moshi nao.

Safari zikipungua, madereva nao wanapungua. Hilo hawakuhitaji kuambiwa. Na juu ya hapo tuliwafungia kwenye malori kifaa kinachoonyesha gari lilipo, linakwenda mwendo gani na kama injini inanguruma. Wao walikiita mpelelezi. Nilikuwa nikiketi ofisini nikiwatazama kwenye kioo cha kompyuta, vidoa vyekundu vikitembea juu ya ramani ya nchi yetu kavu, na nikiri kwamba mtu akishapewa uwezo wa kutazama, anaanza kuona mambo.

Niliyemwona zaidi alikuwa dereva mmoja mtu mzima, wa Chemba, Msandawe, aliyeoa Busi. Lori lake halikuzimwa kamwe. Linasimama, injini inanguruma. Linapakia, injini inanguruma. Anakula chakula cha mchana Msalato, injini inanguruma. Nikajisemea kwamba huyu ama anatudharau, ama ana namna ya kunyonya dizeli na kuisingizia injini. Sikumwambia mtu. Niliamua tu kwamba safari ya kwenda kuonana na wakulima wa Busi nitapanda lori lake.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia asubuhi ile uani.

"Marahaba." Akatazama fulana yangu, halafu akatazama kiti cha abiria. "Leo mpelelezi kaamua kuja mwenyewe."

Hatukuzungumza mengi njiani. Simu yake ilipolia alijibu kwa Kisandawe, ile lugha ya vidoko ambayo ulimi unagonga kaakaa kama mtu anayevunja karanga, na kwa kuwa sikuelewa hata neno moja, nilijua kabisa ananisema mimi. Tulipoacha lami na kuanza kupanda kuelekea Busi, akasimamisha gari kwenye mteremko ili akague turubai. Injini ikaachwa inanguruma.

"Zima, mzee," nikamwambia.

"Nikizima hapa, itabidi uteremke usukume."

"Kwa nini?"

"Stata imekufa. Ndiyo maana nasimama kwenye mteremko. Ikizimika, nailegeza ijiwashe kwa kuteremka. Kwenye tambarare siizimi mpaka nifike nyumbani."

"Umemwambia meneja?"

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Anasema nisubiri, na nisiwaambie wageni."

Sikumwamini mara moja. Nikamwambia azime nione. Akazima, akanipa ufunguo niujaribu mwenyewe. Kikasikika kitu kidogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu, basi. Akalegeza breki, lori likaanza kuteremka kinyumenyume kwa namna iliyonifanya nishike mlango, likagutuka, likawaka. Kwa hiyo kiwanda chetu cha kijani kilikuwa na lori lisilozimika, na aliyeniagiza nipunguze moshi alilijua hilo. Nilitafuna jambo hilo njia nzima iliyobaki.

Busi tulipokelewa vizuri. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima alikuwa mama wa makamo, mrefu, aliyejifunga kanga kiunoni kama mtu anayetoka kazini na anayerudi kazini. Nikamwamkia, akaniitikia, nikapewa kigoda. Nikaeleza habari za ghala. Wakasikiliza kwa adabu, wanawake wengi, wanaume wachache, hakuna aliyeuliza swali. Nikafurahi, nikidhani kimya ni kukubali. Nikasimama, nikatoa simu nipige picha barabara ambayo lori lingepita, halafu nikaigeuza kidogo kuelekea kilimani ili picha iwe nzuri.

Mama mwenyekiti akanyoosha mkono. "Lete hiyo."

Nilidhani anataka kuona picha. Nikampa. Akaiweka ndani ya kanga, akaifunga fundo.

"Sasa tuambie," akasema. "Ghala unalijenga barabarani. Mlima unaupimia nini?"

"Mama, sipimi mlima."

"Mgongoni umevaa nini?"

"Jani tu, mama. Ni nembo ya kazini."

"Jani." Akawageukia wenzake. "Mnaona?"

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, kwa Kirangi na kwa Kiswahili. Kutokana na Kiswahili nilipata kuelewa kwamba habari zilikuwa zimefika kabla yangu: kuna watu watakuja na maneno matamu ya ghala, na nyuma yao wanakuja wengine kuuchukua mlima ili wauze hewa yake. Mzee mmoja alinisogelea akaniuliza, bila hasira, kama tungeweka hewa kwenye magunia au kwenye madebe.

Mama mwenyekiti hakucheka. "Mimi nilikuwa msichana mdogo walipokuja wa kwanza," akasema. "Walisema udongo wa Kondoa unakwenda na maji, ng'ombe washuke milimani ili ardhi ipone. Niliwaswaga ng'ombe wa baba yangu mwenyewe, mpaka nje ya mipaka yetu. Baba alikuwa anatembea nyuma yangu, hasemi. Ardhi ilipona, sikatai. Miti unaiona. Lakini hatukuulizwa. Basi safari hii tutauliza sisi."

Walitupeleka ofisi ya kijiji, tukaketi kwenye benchi mpaka mtendaji alipotoka shambani kwake. Hawakututukana. Walituletea uji. Lakini kila nilipoinuka, mtu fulani naye aliinuka. Mimi nilikuwa nikimtazama dereva. Alikuwa kwenye benchi lilelile, mikono magotini, macho dirishani, ametulia kama mtu asiyeshangazwa na kitu. Hapa ni ukweni kwake. Anajulikana kila nyumba. Nani mwingine angeleta habari?

Mtendaji alifika, akafungua simu mbele ya wote, akazitazama picha moja moja, akafuta ile ya mlima, akaturuhusu tuondoke. Mama mwenyekiti alinikabidhi simu yangu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni, na akasema, "Karibu tena ukiwa na maneno yote."

Tulipofika kwenye lami nikamuuliza bila kuzunguka. "Mzee, ni wewe uliyewaambia?"

"Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia akikana, si hilo. Akaendelea mwenyewe. Wageni walipokuwa kiwandani, aliitwa chumba cha mikutano awaeleze ni barabara zipi zinapitika masika. Mezani palikuwa na ramani kubwa. Aliitambua Busi kwa makorongo yake. Na mlima wote juu ya Busi ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, umezungushiwa mstari.

"Nikauliza, huu mlima una nini? Meneja akasema, hayo si yako, wewe tuambie barabara. Nikawaambia barabara. Halafu nikaenda nikawaambia shemeji zangu walichonijibu."

"Ulijuaje kwamba ni kuuza hewa?"

"Sikujua. Nilisikia wageni wakilitaja neno kaboni na mlima pamoja. Watu wenyewe walimalizia."

Hapo pia sikumwamini, mara ya pili kwa siku moja. Nilipiga hesabu zangu kimyakimya: dereva ambaye safari zake zinapunguzwa ana kila sababu ya kulivuruga ghala. Ramani yenye rangi! Rangi ya kijani kwenye ramani yaweza kuwa msitu, yaweza kuwa mvua. Lakini stata ilikuwa imekufa kweli, na hilo nalo nilikuwa nimelidhania uongo.

Kesho yake niliingia kwa meneja na kumpa taarifa. Ni mtu mcheshi, mwenye kumkaribisha kila anayeingia kwa chai. Nilimweleza yaliyonipata, akacheka mpaka akavua miwani. "Kuuza hewa! Watu wetu bwana."

"Lakini ule mlima wa Busi," nikasema, "kwenye ramani kwa nini umepakwa kijani?"

Kicheko kikakatika. "Nani kakwambia habari za ramani?"

Hapo ndipo nilipoamini. Kama pasingekuwa na ramani, angeuliza, ramani gani?

Nikasema nilisikia tu. Akavaa miwani yake, akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemshirikisha mwenzake jambo jema ambalo bado halijaiva. Malori, alisema, hata tukiyapunguzia safari, bado yatatoa moshi. Njia rahisi ni kupanda miti mahali, miti ifyonze moshi ule, na wanunuzi wakubali kwamba deni la hewa limelipwa. Mlima wa Busi unafaa. "Hakuna atakayehamishwa, dada. Hata nyumba moja. Ni ng'ombe tu ndio watazuiwa kupanda."

Ni ng'ombe tu. Alikuwa akimwambia Mgogo. Kwetu Buigiri ng'ombe ndiye aliyetulipia ada, ndiye aliyemwoa mama yangu, ndiye aliyezika babu. Sidhani kama aliliona hilo hata kidogo.

"Na wao wataulizwa lini?"

"Hatua kwa hatua. Ghala kwanza. Wakishatuzoea, wakishatuona ni watu wao, mlima hautakuwa tatizo. Ndiyo maana nilikuweka wewe pale. Wewe unajua kuongea na watu."

Nilitoka mle ndani nikiwa na kikombe cha chai mkononi, sijakinywa. Nilikuwa nimedhani mimi ndiye mtazamaji.

Sikumtaja dereva, wala kwa ishara. Hata hivyo wiki iliyofuata aliondolewa njia ya Kondoa, akapewa kubeba mashudu ya alizeti hapahapa mjini. Meneja hakuwa mjinga. Chumba cha mikutano siku ile ya ramani walikuwemo wachache. Dereva aliamini nimemuuza. Nilimwamkia uani, "Shikamoo, mzee," akapita kama upepo. Kwa mtu wa rika lake kukataa shikamoo ya mdogo wake ni jambo zito, na wenzake wote waliona. Nilitaka kumfuata nimweleze, lakini ningemweleza nini? Kila neno lingeonekana ni la kujikosha.

Jumamosi moja nikapanda basi la Kondoa, halafu pikipiki mpaka Busi. Safari hii nilivaa gauni na mtandio. Nilimkuta mama mwenyekiti akipepeta alizeti uani kwake. Nikamweleza yote: ramani, miti, ng'ombe, ghala kwanza mlima baadaye. Nilijua ninafanya jambo ambalo laweza kunitoa kazini.

Alipepeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Na wewe unapata nini?"

"Sipati kitu, mama."

"Kila mtu anapata kitu. Anayemsema mwajiri wake kwangu, kesho atanisema mimi kwa mwajiri wake."

Nilikuwa nimetarajia, sijui, shukrani labda, au hata maji ya kunywa. Nikamwambia ukweli ambao sikuwa nimejiambia hata mimi: kwamba ghala nalitaka kweli, kwamba naamini yale malori yanayozunguka nusu tupu ni hasara kwa kila mtu na kwa hewa tunayovuta wote, na kwamba sitaki kazi nzuri ijengwe juu ya ulaghai kisha ibomoke na jina langu likiwa chini yake. Basi hicho ndicho ninachopata.

Akaweka ungo chini. "Hilo linaeleweka," akasema. "Kaa, ule."

Hakuniahidi chochote. Lakini haikupita muda barua ya serikali ya kijiji ikafika kiwandani, ikimwalika meneja kwenye mkutano mkuu wa kijiji kuzungumzia ghala. Akafurahi. Akaniambia tuvae fulana. Yangu nilisema imelowa.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Meneja alizungumza vizuri juu ya ghala, akapigiwa makofi. Ndipo mama mwenyekiti akainuka.

"Tumeshukuru kwa ghala. Sasa tueleze mlima."

"Mlima upi, mama?"

"Ule ulio nyuma yako."

Watu wote wakaugeukia, na yeye akageuka pia, hakuwa na namna. Ulikuwa pale, na ng'ombe juu yake, madoa meupe na mekundu katikati ya vichaka.

Alijaribu. Alisema kuna mawazo ya awali, kuna uwezekano, hakuna kilichoamuliwa. Kila aliposema uwezekano, mtu alisimama akauliza ni uwezekano wa nani. Hakuna aliyepiga kelele. Waliuliza tu, mmoja akikaa mwingine anasimama, mpaka jua likasogea na jasho likaonekana kwenye lile jani mgongoni mwake. Mwishoni akasema mbele ya kijiji kizima, na mtendaji akiandika kwenye muhtasari, kwamba kiwanda hakina na hakitakuwa na jambo lolote na mlima wa Busi pasipo mkutano kama huu kuamua.

Baada ya hapo wakakubali ghala, kwa masharti yao. Ardhi inabaki ya kijiji. Mafundi wa kijiji wanajenga. Na mlango unakuwa na kufuli mbili, moja ya kiwanda, moja ya kikundi, ili asiwepo wa kufungua peke yake.

Njiani kurudi, meneja aliendesha mwenyewe, nami kando yake. Tulikuwa tumepita Kondoa mjini ndipo aliposema, "Walijuaje?"

"Wana macho," nikasema.

"Mimi na wewe tutazungumza."

Hatujazungumza mpaka leo. Ghala lilipokamilika wageni walirudi, wakalipenda kuliko meneja alivyotazamia, wakapiga picha kufuli zote mbili, na ikawa vigumu kumfukuza mtu ambaye jina lake lilikuwa linatajwa na wageni. Siku hiyohiyo, wakivuka ua, mmoja wao alisimama mbele ya kibao cha ZIMA INJINI, akatazama lori la yule mzee lililokuwa linanguruma chini yake, akamuuliza dereva kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwa nini hazimi. Dereva akamtazama meneja, akanitazama mimi. Kisha akamkabidhi mgeni ufunguo baada ya kuzima, akamwambia, "Jaribu wewe." Stata mpya ilifungwa wiki hiyo.

Siku chache baadaye alirudishwa njia ya Kondoa. Sikuhusika, na nilimwambia hivyo, kwa sababu sikutaka adhani ninanunua urafiki. Akanisikiliza akiwa ameegemea tairi.

"Shemeji zangu walisema ulikwenda kwao na mtandio," akasema. "Nikawaambia mtandio hauzuii ulimi. Wakasema, ulimi wenyewe ulisema kweli." Akafuta mikono. "Marahaba. Ile ya siku ile sikuijibu."

Sasa lori lake linakwenda Busi mara chache na linarudi limejaa mpaka turubai linakaza kamba. Moshi umepungua, hilo naliona kwenye kompyuta na naliamini, ingawa siku hizi naamini baada ya kuuliza mara mbili. Meneja bado ananikaribisha chai, na bado anafunga kompyuta yake ninapoingia.

Msimu uliopita mama mwenyekiti alinipigia simu asubuhi. Kuna gari limepanda mlimani, halina nembo, ndani kuna wazungu na kijana wa Arusha. "Wanasema wanatazama ndege wa porini. Ni wenu?"

"Sijui, mama," nikamjibu. "Ngoja niulize."

Nikamuuliza meneja, akaapa si wake. Nikampigia mama, nikamwambia ameapa, lakini mimi siwezi kuapa kwa niaba yake.

"Haya," akasema, "tutaona wenyewe."

Jioni alinipigia tena. Walikuwa ni watu wa ndege kweli, wana vitabu vya ndege na darubini, wanajua mpaka majina ya ndege ambao yeye anawajua kwa Kirangi tu. Alikuwa amewasindikiza kutwa nzima, kilima hadi kilima, wao wakitazama ndege na yeye akiwatazama wao. Miguu inamuuma, akasema, lakini wamemwonyesha mwewe mmoja kwa ile darubini, na hajawahi kumwona karibu namna ile.